Ruzuku hupotea kabla andiko halijasomwa: barua ya wazi kwa bodi za mashirika ya kijamii Arusha na Moshi

Waheshimiwa wenyeviti na wajumbe wa bodi,

Salaam kutoka kwa waandishi wa maandiko na wahasibu mnaotupigia simu siku tatu kabla ya dirisha la maombi ya ruzuku kufungwa.

Barua hii hatuwaandikii wakurugenzi wala maofisa miradi. Wao tunaonana nao kila siku. Tunawaandikia ninyi mnaokaa mezani mara nne kwa mwaka (wengine mara moja, tusidanganyane), mnaopitisha bajeti na kutia saini. Marekani iliposimamisha misaada yake Januari 2025, na USAID, shirika lake la misaada, ikafungwa katikati ya mwaka huohuo, mashirika mengi madogo yaliyokuwa yakipata fedha kupitia mashirika makubwa yaligeukia mifuko binafsi ya ruzuku. Foleni imerefuka. Na kwenye foleni hiyo, mtu wa kwanza kushika maombi yenu hasomi andiko la mradi. Anafungua viambatisho. Akikuta kasoro, andiko lenu la kurasa 15 linabaki bila kuguswa, na mnapata ile barua pepe ya mistari mitatu ya kuwashukuru kwa kuomba. Viambatisho hivyo karibu vyote vinatoka mezani kwenu, si kwa mwandishi wa andiko.

Tuanze na jina. Chukueni hati ya usajili, cheti cha TIN (namba ya mlipakodi) na taarifa ya benki, mziweke sambamba. Mara nyingi hati ina jina refu kamili, TIN imeandikwa kwa kifupisho, na benki imelikata jina katikati kwa sababu mfumo wake haukubali herufi nyingi. Kwetu ni shirika lilelile. Kwa karani aliyeko Boston au Geneva ni mashirika matatu, na fedha iliyotumwa kwa jina lisilolingana na la akaunti inaweza kurudishwa ilikotoka, huku makato ya kutuma yakiwa yameshaliwa. Kusahihisha kunadai muhtasari wa kikao cha bodi wenye saini, barua ya benki na safari ya Mamlaka ya Mapato, TRA. Hayo hayafanyiki Alhamisi kwa maombi yanayofungwa Ijumaa.

Kisha tazameni ngazi. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, Na. 24 ya 2002, inasajili kwa ngazi ya wilaya, mkoa, taifa na kimataifa. Shirika lenye hati ya wilaya ya Hai likiandika kwamba litafika wilaya za Siha na Rombo, limejifunga lenyewe: ukurasa wa kwanza wa andiko unapingana na kiambatisho cha kwanza. Ama mpunguze eneo, ama mpandishe ngazi ya usajili kwanza. Risiti ya ada ya mwaka na nakala ya taarifa ya mwaka mliyowasilisha kwa Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali (NGO) viwe kwenye faili moja na hati, kwa sababu hati peke yake inaonyesha tu kwamba mlisajiliwa, haionyeshi kama mpo hai.

Hesabu zilizokaguliwa ndizo zinazoangusha wengi. Mifuko mingi inataka za miaka miwili, mingine mitatu, zikaguliwe na mkaguzi aliyesajiliwa na NBAA, bodi ya taifa ya wahasibu na wakaguzi. Kumteua mkaguzi ni kazi ya bodi, na kusaini hesabu ni kazi ya bodi. Hesabu zisizo na saini yenu ni rasimu, hata zikiwa na jalada la plastiki. Kama mwaka wenu wa fedha unaisha Desemba, mkataba wa mkaguzi usainiwe kabla ya Desemba hiyo. Mkisubiri Aprili mtamkuta amezidiwa na kazi za kila mtu. Pamoja na hesabu, mkaguzi huacha barua kwa menejimenti inayotaja udhaifu aliouona. Baadhi ya bodi huificha. Wafadhili wazoefu huiomba kwa jina, na hawatishwi na udhaifu uliomo. Wanachotafuta ni majibu yenu. Andikeni chini ya kila hoja: nani atarekebisha, lini, na kama imesharekebishwa, ushahidi uko wapi.

Orodha ya wajumbe wa bodi nayo ina mtego wake huku kwetu. Mtu wa mbali akisoma Massawe, Mushi, Massawe, Massawe, anaona familia imeketi kula. Hajui kwamba ni jina la ukoo mkubwa, na kwamba watatu hao huenda hawajawahi kukutana hata msibani. Upande wa Arusha ni hivyohivyo kwa Mollel na Laizer. Ongezeni safu moja kwenye orodha: uhusiano wa mjumbe na mkurugenzi na wajumbe wengine. Andikeni "hakuna" pale ambapo hakuna. Lakini kama mwenyekiti ni mume wa mkurugenzi kweli, na mweka hazina ni dada yake, hapo funika kombe haitasaidia. Haitoshi kuandika sera nzuri ya mgongano wa maslahi wakati watu wawili wa nyumba moja ndio wanaotia saini hundi. Badilisheni watia saini kwanza, sera ifuate.

Kuna maswali ya wafadhili wa Marekani ambayo bodi nyingi huyaona ya kichokozi. Yana chanzo. Mfuko binafsi wa Marekani unaotaka kulipa fedha kwa shirika la nje lisilo na hadhi ya kodi ya kule una njia mbili kuu. Ya kwanza ni kuthibitisha kwamba shirika lenu linalingana na shirika la hisani la kwao: watasoma katiba yenu, vyanzo vyenu vya mapato kwa miaka kadhaa, na watataka kuona kipengele kinachosema shirika likivunjwa mali zake haziendi kwa wanachama bali kwa shirika lingine la hisani. Katiba nyingi tulizozishika hapa zina sentensi isemayo "mali zitagawanywa kama mkutano mkuu utakavyoamua". Sentensi hiyo moja inatosha kufunga njia hii. Kuirekebisha kunataka mkutano mkuu na kuwasilisha mabadiliko kwa Msajili, kwa hiyo ni kazi ya miezi. Njia ya pili haidai ulingano, ila inaudai mfuko ufuatilie kila senti: uchunguzi kabla ya kutoa, mkataba wa maandishi, fedha zikae katika hesabu ya pekee, taarifa ya matumizi kila mwaka. Mkiambiwa fedha zao zisichanganywe na za mradi mwingine, si kwamba hawawaamini. Wakishindwa kuonyesha zilivyotumika, wao ndio wanaotozwa kodi ya adhabu.

Kabla ya hayo yote kuna suala la kumwomba nani. Kutuma barua moja kwa mifuko 40 ni kupoteza vocha. Mifuko binafsi ya Marekani hulazimika kujaza kila mwaka fomu ya kodi iitwayo 990-PF, nayo ni ya wazi kwa umma; inasomeka bure kwenye tovuti ya ProPublica, shirika la habari la kule. Fungueni ya mfuko mnaoutaka. Ndani yake kuna orodha ya kila ruzuku waliyotoa, kwa nani na kiasi gani. Kama katika miaka mitatu hawajawahi kuvuka bahari, achaneni nao. Kama ruzuku zao ni za dola 10,000 hadi 15,000, ombi la dola 120,000 litawachekesha. Fomu hiyo ina pia kisanduku kidogo ambacho mfuko hukitia alama ukiwa unatoa kwa mashirika uliyoyachagua wenyewe tu, na haupokei maombi yasiyoalikwa. Watu wamekesha wiki mbili wakiandikia mifuko yenye alama hiyo. Kwa Uingereza, daftari la mashirika ya hisani la Charity Commission linafanya kazi inayokaribiana na hiyo. Hapa nyumbani msisahau Foundation for Civil Society na Women Fund Tanzania, wala mpango wa ruzuku ndogo wa GEF (mfuko wa mazingira wa dunia) unaosimamiwa na UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, kwa miradi ya mazingira. Mkopo unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ni kitu kingine: ni mkopo wa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, unarudishwa, na hauingii kwenye safu ya ruzuku mlizowahi kupata.

Sasa bajeti. Hapa tutakaa kidogo, maana ndipo bodi hupiga muhuri bila kusoma.

Mstari unaosema "Semina, 6,000,000" hauna maana kwa msomaji. Uvunjeni. Washiriki 30, siku 2, nauli 10,000 kwa siku: 600,000. Chakula, 30 kwa siku 2 kwa 12,000: 720,000. Ukumbi, siku 2 kwa 80,000: 160,000. Wawezeshaji 2 kwa siku 2 kwa 100,000: 400,000. Daftari, kalamu na nakala, 30 kwa 4,000: 120,000. Jumla ni 2,000,000. Bei ni za mfano, lakini mmeona milioni nne zilikuwa zimejificha wapi: hakuna mahali. Mfadhili naye huzitafuta, na asipoziona anaanza kuitilia shaka bajeti nzima.

Mishahara nayo huandikwa nusu. Mtumishi wa 800,000 hamgharimu mwajiri 800,000. Kuna mchango wa mwajiri kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, asilimia 10, yaani 80,000, na mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, WCF, asilimia 0.5, yaani 4,000. Kwa mwaka, mtumishi mmoja tu anazidi bajeti kwa 1,008,000. Wenye wafanyakazi 10 na zaidi waulize TRA kama wanadaiwa pia tozo ya mafunzo ya ufundi stadi, SDL. Msipoziweka gharama hizi mwanzoni, mtazitoa kwenye fedha za vitabu vya watoto, na mkaguzi ataziandika.

Bei za wauzaji ni shimo jingine. Fundi wa matangi pale Unga Limited anawapa bei ya milioni 10 "bila VAT". Shirika ambalo halijasajiliwa kwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani) halirudishiwi kitu; bei yenu halisi, kodi hiyo ikiwa asilimia 18, ni 11,800,000. Pango la ofisi linakatwa kodi ya zuio asilimia 10 (mpangaji huikata kabla ya kumlipa mwenye nyumba), na mwenye nyumba wa Njiro asiyejua hilo atadai apewe yote, kisha ninyi mlipe kodi yake juu. Liandikeni kwenye mkataba wa pango. Halafu kuna mazoea ya Arusha, mji wa utalii, ya kutaja kodi ya nyumba na kukodi gari kwa dola. Kanuni za mwaka 2025 za matumizi ya fedha za kigeni zimekataza kutaja na kulipa bei za ndani kwa fedha ya kigeni. Ankara ya dola kutoka kwa mwenye gari wa Sakina ni hoja ya ukaguzi siku hizi, si kiambatisho.

Na dola yenyewe haikai mahali pamoja. Mkiandika bajeti ya dola 20,000 kwa kiwango cha 2,650, mmepanga shilingi 53,000,000. Fedha ikiingia siku dola ni 2,450, mna 49,000,000. Milioni nne zimeyeyuka na hakuna aliyeiba. Andikeni kwenye bajeti kiwango mlichotumia na tarehe yake, mkichukue cha Benki Kuu, mkishushe kidogo, na muulize mapema kama mfadhili anaruhusu kuhamisha fedha kati ya mistari bila kibali. Wengi huruhusu hadi kiwango fulani, wengi wao asilimia 10 ya mstari. Kiwango hicho kiko kwenye mkataba, ukurasa ambao hausomwi.

Gharama za uendeshaji: tafadhali acheni unyenyekevu wa kuandika sifuri. Umeme, intaneti, mhasibu na mkaguzi vinalipwa na mtu. Serikali ya Marekani yenyewe, kwa ruzuku zake, ilipandisha kiwango cha gharama hizo kwa wasio na makubaliano maalumu kutoka asilimia 10 hadi 15 kuanzia Oktoba 2024. Mifuko binafsi ina sera zake; someni, na kama wanatoa asilimia 12, ombeni 12. Ada ya mkaguzi iwe mstari wake wenyewe. Bodi inayofyeka mstari huo ili "walengwa wapate zaidi" inajinyima hesabu za mwaka ujao, na bila hesabu hakuna ombi.

Tuchukue mradi mmoja wa huku tuone andiko linavyopimwa. Maji ya sehemu nyingi za miteremko ya Mlima Meru yana madini ya floridi kupita kiasi. Meno ya kahawia ya watoto wa Arumeru hayahitaji maelezo kwa msomaji wa hapa, ila yanahitaji namba kwa msomaji wa mbali. Msiandike "maji si salama". Andikeni chanzo kipi, sampuli ngapi, zilichukuliwa lini, maabara gani ilipima, na matokeo kwa miligramu kwa lita, yakiwekwa pembeni ya kiwango cha 1.5 cha Shirika la Afya Duniani. Kisha suluhisho: chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, teknolojia iliyofanyiwa kazi miaka mingi kwenye kituo cha utafiti cha Ngurdoto, hapohapo kwetu. Mpaka hapo kila mtu anaandika vizuri. Swali linalotenganisha maandiko linakuja baadaye. Mkaa huo hushiba. Ukishashiba, maji yanatoka masafi kwa macho huku floridi ikipita kama hakuna chujio. Nani atapima, kila baada ya lita ngapi au miezi mingapi? Mkaa mpya unanunuliwa kwa fedha ya nani, ruzuku ikiwa imekwisha? Kama jibu ni "kamati ya shule itachangisha", leteni muhtasari wa kamati hiyo wenye kiasi kwa mzazi na saini ya mwalimu mkuu. Muhtasari wa ukurasa mmoja ulioandikwa kwa mkono, wenye muhuri wa shule, umeshinda aya nyingi za neno "uendelevu".

Hesabu ya wanufaika nayo hupimwa kwa kugawanya tu. Milioni 20 kwa wanufaika 10,000 ni shilingi 2,000 kwa kila mtu. Mmeahidi kumpa nini mtu kwa 2,000? Watengeni wanaoguswa moja kwa moja na wale mnaodhani watasikia habari.

Chochote kitakachojengwa kwenye ardhi ya shule, zahanati au kijiji kinataka karatasi za serikali, na karatasi hizo zina ngazi: mwenyekiti wa mtaa au kijiji, mtendaji wa kata, Afisa Maendeleo ya Jamii, kisha Mkurugenzi wa Halmashauri. Mjumbe wa bodi anayeheshimika akienda mwenyewe, barua hutoka upesi kuliko akitumwa kijana wa kujitolea. Hilo si rushwa, ni adabu ya kufuatilia.

Mkishinda, saa inaanza kuhesabu. Kanuni za 2018 chini ya Sheria ya NGO zinataka mkataba wa fedha zinazozidi shilingi milioni 20 uwasilishwe Hazina na kwa Msajili ndani ya siku 10 tangu kusainiwa. Siku 10, zikiwemo Jumamosi na Jumapili. Mwenyekiti akisaini asubuhi, akaingiza mkataba kwenye mkoba na kupanda basi la Dar, siku tano zimekwenda. Bodi imteue mtu mmoja, kwa jina, kwenye muhtasari uleule unaopokea ruzuku, awe na nakala siku ileile.

Baada ya hapo ni risiti. Duka lenye mashine ya kielektroniki ya TRA litoe risiti yake, ya EFD, yenye jina la shirika, si "mteja". Bibi wa Kibosho aliyewauzia ndizi za semina hana mashine, na hamtamnunulia. Mjazieni hati ya malipo yenye jina, namba ya simu, kiasi, saini au dole gumba, na sababu ya kukosekana kwa EFD. Picha za watoto kwenye taarifa zinataka ridhaa ya mzazi kwa maandishi, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inafanya kazi tangu Mei 2023, na wafadhili wengi wana masharti makali kuliko sheria.

Kuhusu wale wanaokuja kwenu wakisema "tutawaandikia bure, mkipata mtupe asilimia kumi": kwa kawaida mfadhili halipii kazi iliyofanyika kabla ya mkataba wake, kwa hiyo hiyo kumi itatoka kwa kughushi mstari wa bajeti. Mlipeni mwandishi ada ya kazi, kidogo au kikubwa, kutoka mapato yenu wenyewe, ashinde asishinde. (Ndiyo, tuna maslahi hapa. Tunasema hivyohivyo.) Na mfuko unaotaka mlipe "ada ya usajili" ili ombi lenu lisomwe si mfuko. Ni matapeli, hata wakiwa na nembo ya tai.

Ombi letu kwa kikao chenu kijacho ni dogo. Nendeni na orodha ya watia saini wa akaunti ya benki. Kwenye mashirika mengi ya mji huu na Moshi, mmoja wao ameshahamia Mwanza, mwingine ni marehemu, na wa tatu ndiye mkurugenzi. Pitisheni majina mapya siku hiyo, msaini muhtasari kabla ya chai, na mtu aupeleke benki mchana huohuo akiwa na vitambulisho vya taifa (NIDA) vya wote.

Wenu katika kazi,

Waandishi wa maandiko ya miradi na wahasibu wa mashirika ya kijamii,
Arusha na Moshi